Kaunta Buku

Alikuja Jumanne, jua la saa saba
likichoma mabati ya Makole hadi yanalia,
kijana Obadia Mchome, tai shingoni,
na mashine ya kijivu aliyoilaza
juu ya kreti la zabibu
kama mkunga anavyolaza kichanga.

"Mama Nyemo, hii haili umeme."
Inakula nini basi?
Akacheka. Akageuza boksi tupu,
akachora nyumba ya vyumba vinne.

Hiki, akasema, kinawapa mabenki kadi,
mabenki yanawapa watu.
Hiki kinasimama nanyi wenye maduka:
katika kila mia, kinamega mbili na nusu.
Hiki ni cha wakubwa: tiketi za ndege, hoteli,
semina za siku nne kule Mtumba.
Na hiki
(hapo kalamu ikasita)
kinauza ujuzi.

Ujuzi wa nini?

Wa nani hununua nini,
siku ya ngapi baada ya mshahara.

Nikamwambia, huo hata mimi ninao.
Mhasibu wa Ipagala tarehe ishirini na tano
hunywa mchuzi mtamu wa Hombolo,
ikifika tarehe kumi anaomba soda.
Sijawahi kumuuza.

Kila chumba kina mkuu wake na lengo lake,
na kila miezi mitatu wakuu wote
huitwa mezani, ng'ambo huko, waoneshe mavuno.
Kisichozaa kinaunganishwa na jirani,
watu wake wanapewa barua.
Nikawaza: kumbe nako kuna kiangazi.

Babu yangu kule Mvumi alilea ng'ombe wa tajiri.
Maziwa yetu, samadi yetu, ndama wa mwenyewe.
Hayo kwangu hayakuwa mageni.
Nikatia sahihi.

Mwezi wa tatu, bwana mmoja wa shati la kitenge
alibeba chupa kumi na mbili za harusi ya dadaye.
Akagusisha kadi, mashine ikasema tii,
tukaagana kwa kicheko.
Wiki sita baadaye laki moja na themanini na sita elfu
zikatoka kwangu zikarudi kwake.
Amesema hakununua.

Nikapiga simu. Muziki.
Nikapiga tena. Muziki uleule, kutoka mwanzo.
Chumba cha pili kikaniambia shauri liko cha kwanza.
Cha kwanza kikasema, sisi ni wa mteja,
wewe si mteja.
Mimi ni nani?
Tarakimu kumi na tano, mama, zisome taratibu.

Kesi ya ngedere nimempelekea nyani,
na nyani mwenyewe ana milango minne,
kila nikibisha
anatokea mlango wa pili akitafuna.

Wakataka risiti. Nikaitoa kwenye kopo.
Karatasi yao haipendi joto la Dodoma:
nyeupe, tupu, kama mfupa wa njiani.
Ng'ombe wa tajiri akifa, babu alipeleka ngozi.
Tajiri aliipapasa, akaitambua alama, akasema pole.
Ngozi hii
nimpelekee nani?

Juzi Obadia amerudi. Hana tai.
Chumba chake kimeunganishwa, akasema,
akitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi jekundu.
Nikafungua kaunta buku, kalamu ya bluu,
nikamwonesha tarehe, chupa kumi na mbili,
jina la bwana yule, jina la bibi harusi,
hata kijiji walikokuwa wanakwenda.
Akasoma mara mbili.
"Ingekuwa mimi ndiye mfumo," akasema,
kisha akanyamaza, kwa kuwa hakuwa.

Akaomba chupa. Akapekua mifuko,
mmoja, wa pili, wa shati.
Mashine ilikuwa palepale kwenye kreti,
taa yake ya kijani ikipepesa.
Hakuitazama.

Nikalamba ncha ya kidole, nikafunua ukurasa mpya:
Obadia Mchome. Mtamu, chupa moja.
Atalipa.